Msichana wa Pili

Kama kuna kitu kilichomtia Phyllis kinyaa kuliko vyote katika miaka kumi na moja ya ukarani wake, ni msomi anayezungumzia njaa huku akipangusa mafuta ya sambusa kidevuni. Na aliwaona wengi, haki ya Mungu. Kila Alhamisi ya tatu ya mwezi, Idara ya Historia ya chuo chao hapo Nyeri ilifungua ukumbi kwa kila mtu, mwenye shahada na mwenye jembe, waje wasikilize mhadhara na baadaye wanywe chai pamoja. Kikao cha Kumbukumbu, ndivyo walivyokiita. Bango lilisema karibuni nyote. Lakini viti vya mbele vilikuwa na majina ya wenyewe, na ole wako uvikalie ukiwa na gambuti za shamba.

Phyllis ndiye aliyechapa mabango, akapanga viti, akapigia waalikwa simu, akamsimamia Gladwell wa jikoni asije akachemsha nduma zikawa uji. Wasomi walipokuwa wakipigiana makofi, yeye alikuwa mlangoni na birika likimchoma mkono. Wakishaondoka, yeye ndiye aliyeokota mifupa ya kuku kwenye vyungu vya maua. Ndiyo, vyungu vya maua! Mtu ana digrii tatu, halafu anazika paja la kuku kwenye ua la watu na kwenda zake.

Aliyemfanya asizichukie Alhamisi hizo kabisa ni mzee mmoja tu, Mwalimu Theuri. Alikuwa jirani wa mama yake Phyllis kule Wamagana, Tetu, ua kwa ua, mwenye miaka themanini na miwili, na ualimu alikuwa ameustaafu zamani lakini ualimu haukuwa umemstaafu yeye. Hakukosa kikao. Alikuja na koti lake la kijivu na kalamu mbili mfukoni, akakaa safu ya pili, na mhadhara ukiisha aliinua mkono akauliza swali moja la kumfanya mtoa mhadhara atafute maji ya kunywa. Kuna kijana mmoja alikuja kutoka Nairobi akasema wazee wa zamani walipatana kwa kupeana mikono. Theuri alisimama. "Hapana, mwanangu," alisema. "Watu wakiwa na damu kati yao hawaonji chakula cha mkono wa wenzao, mpaka aliyekosa asimame mbele ya ukoo aseme yote kwa mdomo wake, na mbuzi achinjwe. Mkono mtu humpa hata mwizi." Kijana aliandika haraka haraka, masikini, akasahau hata kushukuru.

Baada ya swali lake, Theuri alikuja moja kwa moja kwenye meza ya Phyllis. Chai hakuichukua kwa mtu mwingine, na kikombe cha kwanza kilikuwa chake. "Hii ndiyo historia ninayoielewa," alikuwa akisema, akikipuliza. Kisha alichukua andazi moja, akalifunga kwenye tishu, akalitia mfukoni. Andazi hilo lilikuwa la Ngendo, mama yake Phyllis, ambaye magoti yalikuwa yamemkatalia safari za mjini. Jioni Ngendo alikuwa akimngoja kwenye kigoda nje ya jikoni, themosi ya chai miguuni, na Theuri akifika alimpa andazi lake na kumsimulia mhadhara mzima, pamoja na makosa ya mwenye mhadhara. Walicheka hapo kama watoto waliotoroka shule. Miaka minane walifanya hivyo.

Ngendo alikuwa na miaka themanini. Jina lake alilipata kama kila mtu wa kwao anavyolipata: msichana wa kwanza huitwa kwa nyanya mzaa baba, wa pili kwa nyanya mzaa mama, na hakuna mtu wa kuulizwa anapenda au hapendi. Binti wa pili wa Phyllis naye alikuwa Ngendo, na bibi yake hakumwita mjukuu. Alimwita "mimi". "Mimi, hebu niletee maji," alikuwa akisema, na mtoto alileta.

Sasa, aliyempeleka Daktari Kihara kwa mama yake ni Phyllis mwenyewe. Hilo lilikuja kumla sana. Kihara alikuwa mkuu wa idara, mwanamume wa miaka hamsini mwenye sauti ya redio, na mwezi wa Machi alikuwa akitafuta wazee waliokuwa watoto wakati wa Emajensi, mkoloni alipowatoa watu mashambani mwao na kuwafungia kwenye vijiji vilivyozungukwa na mitaro. "Phyllis, mama yako si ako?" akamwuliza. Na Phyllis, kwa ule ujinga wa mtu aliyefurahi kuonekana na bosi, akasema ako.

Alikuja mara tatu. Alisifu nduma, akasifu maziwa, akamwita Ngendo "mama yangu" kama mtu anayetafuta kura. Siku ya tatu aliiweka simu yake mezani inase sauti, na Ngendo akasema jambo ambalo Phyllis, kwa miaka yake arobaini na sita, hakuwahi kulisikia.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na tano. Wanawake wa kijiji walishinda wakichimba mtaro, na watoto pekee ndio walioruhusiwa kushuka mtoni asubuhi kuchota maji. Ngendo alikuwa na miaka kumi. Mama yake Theuri alimpa viazi vitamu viwili avifiche, ampelekee Wambugu, kaka mkubwa wa Theuri, aliyetoka kwa wapiganaji wa msituni na jeraha la mguu akajificha kwenye pango kando ya mto. Siku nne alipeleka. Siku ya tano homgadi mmoja, mlinzi wa kijiji aliyemtumikia mkoloni, alimshika mkono njiani. Hakumpiga. Alimwonyesha kopo la unga. Nyumbani mdogo wake, Mutahi, alikuwa amelala siku mbili macho wazi, tumbo limemvimba, hata kulia ameshindwa.

"Sikusema kitu," Ngendo alisema. "Neno halikutoka. Niligeuza tu kidevu upande wa pango."

Wambugu alipigwa risasi asubuhi hiyo hiyo, na maiti yake ikalazwa langoni ili kila mtu aipite akienda kuchimba. Ngendo aliipita siku mbili na mtungi wake kichwani. Mutahi alikunywa uji, akaishi.

"Sijaambia mtu," alimwambia Kihara. "Bwana yangu alikufa hajui. Mchungaji hajui. Wewe andika, lakini ufungie mahali. Mimi na Theuri tukishaenda, fungueni msome. Sitaki Theuri asikie nikiwa hai. Ni yeye tu amebaki wa rika letu."

"Mama yangu, jina lako halitaonekana popote," Kihara alisema, akiwa ameushika mkono wake kwa mikono yake miwili. "Na umefanya vizuri kusema. Mficha uchi hazai."

Akatoa fomu ya Kiingereza. Kidole cha Ngendo kilikuwa kigumu kwa baridi yabisi, kwa hiyo Phyllis ndiye aliyekikandamiza kwenye wino.

Basi. Mwezi wa Oktoba ukafika, mwezi wa Mashujaa, na mhadhara wa mwezi huo aliutwaa Kihara mwenyewe. Wageni wawili walikuwa wanakuja kutoka ng'ambo, watu wa kufadhili vitabu na utafiti, na idara nzima ilikuwa mbio kama jogoo kakatwa kichwa. Jumatano Phyllis alipewa mhadhara auchape nakala mia moja. Kichwa chake: "Kopo la Unga." Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kama anayetafuta kupe kwenye sikio la ng'ombe.

Ndiyo, jina la mama yake halikuwepo. Kihara alikuwa amempa lingine, Rahabu. Wamagana haikutajwa, mwenye pango alikuwa "mpiganaji mmoja". Phyllis alianza kupumua. Kisha akafika ukurasa wa tisa. Hapo Kihara alitaka kuonyesha kwamba anazijua nyumba za watu, akaandika kwamba Rahabu alikuwa msichana wa pili wa mama yake, na kwamba mama huyo aliolewa Tetu kutoka mbali, Kianyaga, alikokuwa binti wa mfinyanzi hodari wa vyungu aliyeitwa Ngendo.

Ala! Umemfungia mtu mlango, halafu umemtoa kwa dirisha! Msichana wa pili, na mama ya mama yake ni Ngendo. Kuna mtu gani kwao, awe mzee au mtoto wa chekechea, atahitaji kuambiwa msichana huyo aliitwa nani? Na Tetu nzima ilikuwa na bibi harusi wangapi wa miaka hiyo kutoka Kianyaga? Mmoja.

Phyllis alibeba karatasi hiyo hadi ofisini kwa Kihara, hakubisha hodi.

"Daktari, hii itoke."

Kihara alisoma, akatabasamu. "Kwani iko na shida gani? Nimemwita Rahabu."

"Umemwita Rahabu, halafu umetaja nyanya yake."

"Phyllis." Alivua miwani. "Nani ataanza kupiga hesabu za majina katikati ya mhadhara?"

"Kila mtu! Hawatapiga hesabu, daktari. Watajua tu. Na Mwalimu Theuri atakuwa hapo safu ya pili, si unajua yeye hakosi? Afadhali hata usizungumzie mambo haya kabisa."

"Kutozungumzia haiwezekani, wageni wameshafika hotelini." Aliinua mikono kama mtu aliyekamatwa na polisi. "Sawa, sawa. Toa hiyo ya mfinyanzi. Ni rangi tu, haina uzito. Itoe."

Phyllis aliitoa. Aliifuta kwenye mashine mistari yote minne, akachapa nakala mia moja safi. Lakini mdomo wa Kihara haukuwa na kitufe cha kufuta, na jambo hilo hakulifikiria.

Alhamisi ukumbi ulijaa mpaka wanafunzi wakakaa chini. Wanawake wa kikundi kimoja cha Tetu walikuja na leso zao wakajaa nyuma. Theuri alikaa mahali pake, na kando yake alikuwa mjukuu wake Shiro, aliyekuwa mwaka wa tatu akisomea historia hapo hapo. Jikoni Gladwell alikuwa akikaanga kuku wa kulisha harusi, na harufu ilipita chini ya mlango ikajaa ukumbini. Ukutani Kihara alikuwa ameonyesha picha kubwa ya mtoto mwenye mbavu za kuhesabika. Mgeni mmoja wa mstari wa mbele aliitazama, akanusa hewa, akamnong'oneza mwenzake jambo, wakacheka kwa adabu. Phyllis aliwaona kutoka mlangoni, sinia mkononi.

Na Kihara alijua kusimulia, hiyo hatumnyimi. Alisimulia mtaro, akasimulia njaa, akasimulia kale kasichana na viazi viwili. Kuna waliotoa vitambaa. Hata Phyllis, aliyekuwa akimchukia saa hiyo kuliko ndui, alijikuta amezuia pumzi. Kihara akawaona walivyo mkononi mwake, na hapo ndipo alipolewa. Mtu akipigiwa makofi sana husahau mlango aliokatazwa. Alisukuma karatasi kando, akaegemea meza.

"Na huyu Rahabu hakuwa mtoto wa hivi hivi tu," alisema. "Alikuwa msichana wa pili wa mama aliyeletwa kutoka Kianyaga. Mama ya mama yake alikuwa mfinyanzi. Ngendo wa vyungu! Hebu fikirieni: nyanya anafinyanga vyungu vya kupikia, na mjukuu anamuuza mtu kwa kopo la unga."

Nyuma, kati ya wale wanawake wa Tetu, mtu alisema "Uuu!" kwa sauti ndogo. Kisha kichwa kimoja kikageuka kumtazama Phyllis mlangoni. Kikageuka cha pili. Vikageuka safu nzima. Shiro alimtazama babu yake, akamtazama Phyllis, akafunika mdomo. Theuri hakugeuka. Aliichukua kalamu aliyokuwa akiandikia, akaifunika kifuniko chake, akairudisha mfukoni polepole.

Wageni walisimama kupiga makofi. Hawakuelewa chochote, na nani angewaambia?

"Maswali!" Kihara alisema, akijipangusa jasho. Mkono wa Theuri ulikuwa tayari juu. "Ah, Mwalimu wetu! Bila wewe kikao hakijaisha."

Theuri alisimama kwa fimbo. "Langu ni jepesi leo, Daktari. Wewe ni mtoto wa ngapi kwenu?"

Watu walicheka kidogo. Kihara naye alicheka. "Mimi ni mvulana wa pili, Mwalimu."

"Na jina Kihara umelitoa wapi?"

"Si nimeitwa kwa babu yangu, baba ya..." Kihara alisema, na hapo akajisikia. Aliangalia karatasi zake kana kwamba jibu liko humo, akaangalia mlangoni, akakutana na macho ya Phyllis.

"Baba ya mama," Theuri akammalizia. "Asante. Nilitaka tu kujua kama desturi hiyo unaifahamu."

Akaketi.

Chai ilikuwa lazima inywewe, maana duniani hakuna aibu ya kuwazuia watu kula kuku. Dakika tano hazikupita, msururu ulikuwa umefika mlangoni, sahani mkononi, na wale wale waliokuwa wakijifuta machozi walikuwa wakimwambia Gladwell awaongezee kipande cha kifua. Phyllis alimimina kikombe cha kwanza. Chai ilimwagika kwenye kisahani, akaimwaga, akamimina kingine. Theuri alikuja mpaka mezani kama siku zote. Shiro alikuwa nyuma yake, na nyuma ya Shiro, wanawake wa Tetu walikuwa wamesimama wakitazama.

Theuri alikitazama kikombe. Hakunyosha mkono.

"Mwalimu," Phyllis alisema. "Mwalimu, nilikuwa nimeitoa. Niliifuta kwa mkono wangu."

"Najua, binti yangu. Nakala niliisoma, haimo."

"Kwa hivyo umesikia leo."

Theuri alitikisa kichwa. "Siku ile nilikuwa juu ya mti nikikata matawi ya mbuzi. Kile kidevu nilikiona." Alisema taratibu, kama anayesomea darasa imla. "Nilikimbia nikamwambia mama yangu. Akanishika masikio yote mawili akasema, umeona nini? Hukuona kitu. Yule mtoto ana njaa, na aliyemtuma ni mimi. Tangu siku hiyo sikuona kitu. Miaka sabini, Phyllis. Nimekula kwa mama yako, nimekunywa kwake, na sikuwa nimeona kitu. Ilikuwa kazi, lakini niliiweza."

"Basi kunywa," Phyllis alisema. Machozi yalikuwa yameanza, na yalimchukiza, kwa sababu watu walikuwa wakitazama huku wakitafuna. "Si wewe mwenyewe ulijua? Kwani kumebadilika nini?"

"Shiro amesikia. Wale mama wamesikia. Kesho ukoo wetu wote utajua kwamba Theuri anakula kwa nyumba iliyo na damu ya Wambugu, na si damu iliyosemwa ikasafishwa." Alishusha sauti. "Ningeweza kusema aje asimame mbele yetu aseme, mbuzi achinjwe, yaishe. Lakini sitaki Ngendo asimamishwe mbele ya vijana wa jana, na magoti yale, aeleze jinsi kidevu chake kilivyogeuka. Sitamfanyia hivyo. Na asiposimama, sinywi. Si kwamba sitaki, binti yangu. Siwezi."

Aligusa ukingo wa kisahani kwa kidole kimoja, akageuka. Andazi hakulichukua. Shiro alimfuata akilia waziwazi.

Phyllis alibaki amesimama na kikombe hicho. Alipoinua macho, Kihara alikuwa hapo hapo kando ya meza, sambusa mkononi, sikio limesimama. Alikuwa amesikia yote.

"Phyllis, ulimi uliteleza," alisema. "Naomba radhi, kweli. Lakini uliwaona walivyolia? Wageni wanataka kitabu kizima. Mama yako atakuwa..." Akauma sambusa kabla hajamaliza, na kipande cha nyama kikamning'inia mdomoni.

Kinyaa alichokisikia Phyllis hakikuwa cha kusema. Kilimwanzia unyayoni. Alimchukia Kihara, akaichukia ile picha ya mtoto iliyokuwa bado inawaka ukutani na watu wamesimama chini yake na sahani, akakichukia kile kidole chake mwenyewe kilichokandamiza kidole cha mama yake kwenye wino.

"Kula, Daktari," alimwambia. "Kula ushibe. Huo ni unga ule ule."

Alivua aproni akaiweka juu ya sinia la mandazi. Kisha akaliondoa andazi moja, akalifunga kwenye tishu, akatoka. Gladwell alimwita, Phyllis wee, na vyombo je?

Alifika Wamagana jua likiwa bado juu ya migomba. Ngendo alikuwa kwenye kigoda chake nje ya jikoni, amejifunga leso safi, themosi miguuni na vikombe viwili vimefunikwa kwa kitambaa. Alichungulia nyuma ya Phyllis.

"Theuri ako wapi?"

"Amechoka, Mami. Amepita njia ya chini." Phyllis akatoa andazi. "Amesema nikupe."

Ngendo alilipokea, akaliweka mapajani, akaligeuza huku na huku. Hakulifungua.

"Hii umefunga wewe," alisema. "Theuri anakunjanga pembe nne, kama barua. Hii umeviringa."

Phyllis alikaa chini kwenye nyasi. Akamwambia yote. Alipofika kwenye mfinyanzi wa Kianyaga, Ngendo alifumba macho. Alipofika kwenye mti, na matawi ya mbuzi, na masikio mawili, Ngendo aliyafumbua.

"Aliniona?"

"Alikuona."

"Na amekuwa akikunywa chai yangu?"

"Amekuwa akikunywa, Mami. Lakini sasa amesema hawezi tena, mpaka usimame mbele ya ukoo wao useme. Na hataki usimamishwe."

Mama yake aliweka mkono juu ya lile andazi. Ng'ambo ya ua walisikia mlango wa Theuri ukifunguliwa, kikohozi chake kile kikavu, na mlango ukifungwa. Hakuja uani kusalimu. Haijawahi kutokea Theuri akafika kwake asisalimu.

"Yeye hataki," Ngendo akasema mwishowe. "Na mimi niliulizwa na nani? Nitasimama. Waite wazee wao, waite na hao vijana. Kama magoti yamekataa mnipeleke na wilbaro. Miaka sabini mtu anakunywa chai yako na anajua, halafu wewe unashindwa kusimama nusu saa?"

Simu ya Phyllis ililia. Alitazama jina, akapokea. Ilikuwa ile sauti ya redio, safari hii ya kubembeleza.

"Phyllis, najua umekasirika. Lakini nilimsikia Mwalimu akisema habari ya kusimama na mbuzi. Jambo kama hilo halijawahi kurekodiwa, unajua? Idara inaweza kununua mbuzi. Tunaweza kufanya hata iwe ndiyo kikao chetu cha Novemba, tukaja na kamera, tukaleta viti, wageni wale..."

Phyllis aliiondoa simu sikioni. Ilikuwa bado inazungumza kwenye kiganja chake.

"Nani huyo?" Ngendo akauliza.

"Ni mtu ana njaa, Mami."

Ngendo aliliweka andazi kando, juu ya kitambaa cha vikombe. "Mwambie kwetu leo hakuna kitu," alisema, akanyosha mikono yote miwili ili Phyllis amwinue.